Tupeane uzoefu: Majirani wa mjini wanaposhirikiana kutunza mazingira na kujikinga na majanga, ni nini hudumu?

Mleta mada

Ndugu zangu, salaam. Ningependa tukusanye hapa uzoefu wa wale waliowahi kushirikiana na majirani zao mjini kutengeneza mboji, kuvuna maji ya mvua au kuangaliana nyakati za hatari. Maandishi mengi kuhusu shughuli hizi huishia kwenye vifaa, ilhali kwa niliyoyaona, vifaa hupatikana upesi kuliko makubaliano ya nani atavitunza. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaotumia malisho, misitu au maji kwa pamoja wanaweza kuvitunza kwa vizazi vingi, hasa pale wanapotunga kanuni wenyewe, wanapofuatilia utekelezaji wake, na pale mkosaji anapoanza na adhabu ndogo. Kwenu kanuni hizo zilikuwaje, na zilipokwama zilikwamia wapi?

Mchangiaji wa kwanza

Tunaishi katika jengo la ghorofa lenye ua mdogo, na tulianza na mboji kwa sababu mabaki ya jikoni ndiyo yaliyokuwa sehemu nzito zaidi ya taka zetu. Mwanzoni lundo lilinuka, na wakazi wa ghorofa ya chini, ambao madirisha yao yanatazama ua, walitaka liondolewe. Kumbe kila kaya ilikuwa ikileta mabaki mabichi tu, na hakuna aliyepewa jukumu la kuleta majani makavu. Vijidudu vinavyoozesha lundo huhitaji kaboni takribani mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, nayo kaboni hiyo hutoka zaidi katika majani yaliyopukutika, maranda ya mbao na maboksi yaliyochanwa. Vitu hivyo vikikosekana na lundo likashindiliwa hata lisipate hewa, uvundo hauepukiki.

Tuliweka pipa la vitu vikavu kando ya lundo, ikawa kanuni kwamba anayemwaga mabaki hufunika papo hapo, na kazi ya kugeuza ikakabidhiwa kaya mbili kila wiki. Nasisitiza mbili, kwa kuwa aliye peke yake huahirisha, lakini anayejua kwamba mwenzake anamsubiri uani hushuka. Lundo likigeuzwa vizuri joto lake hupita nyuzi 55 za Selsiasi, kiasi cha kuua mbegu nyingi za magugu (watoto hugombania kusoma kipimajoto, jambo ambalo hatukulipanga). Tulipotaka kupanda mboga, jirani mmoja alituonya kwamba udongo wa mjini huweza kuwa na madini ya risasi yaliyotokana na rangi za zamani na moshi wa magari ya enzi za petroli yenye risasi. Kwa hiyo tunapanda katika vitanda vilivyoinuliwa, vilivyojazwa udongo safi na mboji yetu.

Mchangiaji wa pili

Kwetu ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 50 hupokea lita 1,000 mvua ya milimita 20 inaponyesha, ingawa yanayofika tangini hupungua kidogo. Maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, huachwa yapite, na mdomo wa tangi umefungwa wavu wa kuzuia mbu. Ugomvi ulizuka wakati wa kiangazi, maji yalipopungua. Uliisha tulipochora mistari miwili ya rangi ubavuni mwa tangi: juu ya mstari wa kwanza kila mtu huchota kwa matumizi yoyote, kati ya mistari maji ni ya usafi wa nyumba pekee, na chini ya mstari wa pili ni akiba ya wagonjwa na wazee. Tangu hapo hakuna anayelazimika kumkemea mwenzake, kwa sababu mstari unaonekana na kila mtu.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nitofautiane kidogo. Mtaa wetu ulizibua mtaro wake kwa bidii, na bado mafuriko yalituingilia, kwa sababu maji yalitoka sehemu za juu ambako mitaro mikuu haikuwa imejengwa. Ujirani mwema haujengi mitaro mikuu. Siku hizi tunapiga picha kina cha maji kila mvua kubwa inaponyesha, tunaandika tarehe, na kuwasilisha kumbukumbu hizo kwa mamlaka ya mji tukiwa kundi.

Mchangiaji wa nne

Nakubaliana na mwenzangu, lakini kuna saa ambazo mamlaka haijafika. Katika tetemeko la ardhi la Kobe, Japani, la mwaka 1995, sehemu kubwa ya waliookolewa kwenye vifusi waliokolewa na jamaa na majirani zao. Mwaka huohuo joto kali liliua zaidi ya watu 700 Chicago, Marekani, wengi wao wazee walioishi peke yao, na mwanasosholojia Eric Klinenberg alionyesha kwamba mitaa iliyolingana kwa umaskini ilitofautiana sana kwa vifo, kutegemea kama watu walikuwa na mazoea ya kutoka na kukutana.

Sisi tuna orodha ya milango: nani anaishi peke yake, nani hawezi kushuka ngazi, nani ana dawa inayohitaji jokofu. Imeandikwa karatasini, kwa kuwa umeme ukikatika simu nazo huzimika baada ya muda.

Mleta mada

Je, watu hawakuogopa siri zao kuenea?

Mchangiaji wa nne

Waliogopa, na walikuwa na haki. Kila mmoja huandika mwenyewe anachotaka kijulikane, nakala ni mbili tu, na watunzaji wake wawili walichaguliwa na wale waliomo kwenye orodha, si na kamati. Baadhi waliokataa mwanzoni walijiandikisha baada ya kuona hivyo. Wengine hawajajiandikisha hadi leo, na kwao tunabisha hodi tu joto linapozidi.