Mazoezi ya kupumua na lupasi: yananisaidia au najidanganya?

Subira_Tele
Habari zenu wakuu. Mwaka wa sita huu naishi na lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Dawa natumia, kliniki sikosi, na vipimo vya damu safari hii havikuwa vibaya. Shida yangu ni usiku: viungo vinauma, usingizi hauji, nikianza kuwaza kesho nitaamkaje moyo unakwenda mbio. Dada mmoja tunayekutana kliniki akanifundisha kupumua: vuta pumzi kubwa haraka haraka mara 30, kisha ibane. Siku ya tatu nikashikwa na kizunguzungu, vidole vikafa ganzi, nikaacha kwa woga. Shangazi naye kaingilia, eti nikijua kupumua vizuri dawa nitaziaga. Je, haya mazoezi yana maana, na yanafanywaje? Halafu wiki hii nikivuta pumzi ndefu kuna kitu kinanichoma ubavu wa kushoto, nadhani ni misuli tu.

Mzee_wa_Zamu
Binti yangu, jambo kubwa umelitupia mwishoni kabisa. Mwenye lupasi akichomwa ubavuni anapovuta pumzi habahatishi. Ugonjwa huu huweza kuvimbisha utando unaofunika mapafu, hata ule wa moyo, na huongeza hatari ya damu kuganda. Nenda ukaonwe leo hii, usingoje tarehe ya kliniki. Mazoezi yasubiri.

Kiungo_Kibovu
Msikilize mzee kwanza. Ukisharudi, soma hili.

Mimi ni baridi yabisi, mwaka wa 11. Hiyo ya haraka haraka haikuwa ya kukutuliza. Inatoa kabonidioksidi nyingi kuliko mwili unayotengeneza, ndiyo ganzi na kizunguzungu chako. Ninayofanya mimi ni kinyume chake. Kiganja tumboni, navuta kwa pua nikihesabu hadi 4, natoa taratibu nikihesabu hadi 6. Inakuwa kama pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ile pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo, kupitia neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Usijaze kifua! Mwaka wa kwanza mimi nilipumua kama napuliza puto, nikachoka bure. Siku viungo vikiwaka, 4 kwa 6 hainiwezekani, nafanya 3 kwa 4, dakika tano basi.

Maumivu hayaondoki, nisikudanganye. Kinachopungua ni ile hofu inayokaa juu ya maumivu.

Bado_Sijaamini
Mnapunguza chumvi. Mbona kuna watu walidungwa sumu ya bakteria, waliofunzwa kupumua wakaumwa kidogo kuliko wenzao? Kinga ilitii pumzi.

Kiungo_Kibovu
Huo ni utafiti wa Uholanzi wa 2014, mbinu ya Wim Hof, yule Mholanzi wa mazoezi ya pumzi na baridi. Mkuu, wale walikuwa wanaume wenye afya zao, na walifunzwa pia kutafakari na kuzoea baridi kali. Tena ile mbinu ilipandisha adrenalini, si ya kumlaza mtu usiku. Kutoka pale hadi kumwambia mgonjwa wa lupasi aache vidonge ni safari ndefu.

Mama_Pacha
Kuhusu shangazi: mwitikie kwa adabu, dawa umeze. Mimi niliwahi kukata prednisoloni, kile kidonge cha steroidi cha kutuliza uvimbe, ghafla kwa maneno ya watu, nikaishia wodini. Ukiitumia muda mrefu mwili unasahau kutengeneza homoni yake, kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Siku hizi wakinishauri nasema "sawa shangazi, napumua," na kidonge kiko kiganjani.

Subira_Tele
Mrejesho. Nilikwenda jioni ile ile. Utando wa pafu umevimba na kuna maji kidogo, wamenibadilishia dozi. Mzee, Mungu akuweke. Daktari kasema mchomo ukiisha naruhusiwa kupumua taratibu, nisijilazimishe.

Leo siku ya tisa, mchomo umekwisha. Jana usiku nilijaribu 3 kwa 4. Nakumbuka nimefika kama pumzi ya ishirini, baada ya hapo sikumbuki. Swali dogo tu: mnalala chali au ubavu mkifanya hivi? Chali mgongo unanisumbua.

Kiungo_Kibovu
Ubavu, mto katikati ya magoti. Mkono wa juu uuweke tumboni.