Kwaya ya "I'm Not in Love" ya 10cc: sauti 256 au 624? Na waliitengenezaje?

Nyuzi_Sita
Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa wanaojua kurekodi kwa tepu. Ile kwaya inayotanda chini ya "I'm Not in Love" (wa bendi ya Uingereza ya 10cc, 1975), kuna wanaosema ni Mellotron (kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye tepu), wengine wanasema sauti 256, wengine 624. Bendi yenyewe ilikuwa na watu wanne tu. Hesabu sahihi ni ipi? Na kwa mashine ya treki 16 (njia 16 za kurekodi sauti tofauti kwenye tepu moja), waliwezaje kuifanya ifuate kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) za wimbo mwanzo hadi mwisho? Nataka kujaribu kitu cha namna hiyo kwenye kompyuta, kwa hiyo nielezeni ufundi wenyewe. Sifa za wimbo nazijua.

MzeeWaTepu
Mellotron iondoe kabisa. Kila kitufe chake kinavuta kipande cha tepu cha sekunde nane hivi, kikiisha sauti inakata. Kwaya ya wimbo huu inatanda dakika nzima nzima bila kukata.

Hesabu ni 624. Kevin Godley, Lol Creme na Graham Gouldman waliimba "aaa" kwenye noti moja, wote watatu kwa pamoja, mara 16. Hizo ni sauti 48. Wakarudia kwa noti 13, yaani nusutoni zote (hatua ndogo kabisa za noti) za oktava moja pamoja na ile ya juu inayoifunga. 48 mara 13, umepata 624. Hiyo 256 haigawanyiki kwa 48, kwa hiyo haiwezi kutokana na kazi hii hata uizungushe vipi. Eric Stewart, mwimbaji mkuu wa wimbo, alikaa upande wa mitambo. Kuimba huko peke yake kulikula kama wiki tatu pale Strawberry Studios, Stockport.

Treki 16 zikishajaa noti moja, zinachanganywa kwenda kwenye mashine ya Studer ya stereo. Kipande hicho kinakatwa, ncha mbili zinaunganishwa, tayari ni lupu. Kila lupu ilikuwa na futi 12 hivi, ndefu kuliko mashine yenyewe, kwa hiyo ilipita kwenye vichwa vya mashine, ikatoka nje hadi kwenye stendi ya maikrofoni iliyofungwa kigurudumu, ikarudi. Ikaachwa izunguke kwa dakika kama saba huku ikirekodiwa kwenye treki moja ya ile mashine kubwa. Lupu 13, treki 13. Zikabaki tatu: moja ya mwongozo (kinanda cha umeme, gitaa, na lile pigo la ngoma ya besi ambalo kwa kweli ni sintesaiza ya Moog), na mbili tupu.

Baada ya hapo meza ya kuchanganyia sauti ikageuka ala ya muziki. Watu wanne, kila mmoja na vitelezi (vya kupandisha na kushusha sauti ya kila treki) vitatu au vinne mkononi. Kodi ikibadilika, noti zinazotakiwa zinapandishwa, nyingine zinashushwa. Matokeo yakaingia kwenye zile treki mbili tupu kama stereo, na zile 13 zikawa huru kwa sauti ya Stewart, besi na mengineyo.

Kapi_na_Wembe
Mzee kamaliza karibu yote. Naongeza jambo moja ambalo wengi wanaoiga wanalikosa: vitelezi havikushushwa hadi chini. Walibandika utepe wa gundi upande wa chini ili kitelezi kisiweze kufunga kabisa. Maana yake noti zote 13 zinasikika muda wote kwa mbali, hata zile zisizo za kodi. Ule ukungu unaousikia nyuma ndio huo. Ukizima noti zisizohitajika unapata kwaya safi, na kwaya safi si wimbo huu.

Kuhusu urefu wa lupu: kila kiungo kinapopita kwenye kichwa cha kusomea kinaweza kutoa kishindo kidogo, kwa hiyo lupu ndefu inapunguza idadi ya vishindo. Kwa mwendo wa inchi 15 kwa sekunde, futi 12 ni sekunde 9.6. Tepu inakatwa kwa mshazari ili sauti mbili zipishane taratibu. Ukikata wima, mruko unasikika waziwazi. Wembe wenye sumaku nao unaacha kishindo hata kama umekata vizuri. Halafu kuna mvuto: lupu ikilegea sauti inayumba, ikikaza sana inaielemea mashine na noti inashuka. Stendi inasogezwa kidogo kidogo hadi itulie.

Nyuzi_Sita
Nimewaelewa vizuri sana. Sasa kwenye kompyuta, siwezi kuimba mara moja nikanakili mara 16?

Sauti_Kavu
Hapana mkuu. Nakala 16 zinazofanana kabisa zinakupa sauti ileile, imeongezeka tu desibeli 24. Ukizichelewesha kidogo ndiyo unaharibu zaidi: nakala moja ikichelewa milisekunde 1, inafuta 500 Hz, 1500 Hz, 2500 Hz na kuendelea, sauti inakuwa kama inatoka kwenye bomba. Upana wa kwaya unatokana na tofauti ndogo za kila mwimbo mpya, na tofauti hizo haziigiziki kirahisi.

Fanya hivi. Tafuta waimbaji watatu wenye sauti tofauti. Mtu mmoja mara 48 anatoa kwaya yenye pua moja. Waimbe walau sekunde 15, sauti ya wastani, midomo katika umbo lilelile, wakisikia noti ya mfano kwenye sikio moja. Usirekebishe noti kwa programu. Kwenye A ya 440 Hz, tofauti ya senti 10 (senti ni sehemu ya mia ya nusutoni) inaleta mapigo kama mawili na nusu kwa sekunde, na huo ndio uhai unaoutafuta. Ikifika senti 20 au zaidi kwa watu wengi, rudieni. Badilisha umbali kutoka kwenye maikrofoni: mara sentimita 30, mara mita moja, mara mbili.

Tupa sekunde mbili za mwanzo na zile za mwisho pumzi inapokata. Kwenye kiungo cha lupu tumia mpishano (crossfade: mwisho unafifia huku mwanzo ukipanda) wa nusu sekunde hivi, wenye mkunjo wa nguvu sawa (equal power). Ule wa mstari ulionyooka unazamisha sauti kama desibeli 3 katikati, na utasikia kwaya inapumua. Lupu zako 13 zipe urefu tofauti, 9.1, 9.7, 10.3, ili viungo visikutane.

Punguza kila treki desibeli 12 kabla ya kuchanganya 16, la sivyo sauti itazidi kipimo na kukwaruza.

MzeeWaTepu
Kwa faida ya wengine: toleo la kwanza la wimbo lilikuwa na mdundo wa bossa nova na wakalitupa, Godley hakulitaka kabisa. Wafanyakazi wa studio waliendelea kuuimba, ndipo ukafufuliwa. Godley akataka uwe wa sauti za watu tupu, Creme akaleta wazo la lupu.

Nyuzi_Sita
Swali la mwisho: zile noti za ukungu niziweke chini kiasi gani?

Kapi_na_Wembe
Anzia desibeli 30 chini ya noti za kodi, halafu panda polepole. Kodi ikianza kusikika chafu, rudi desibeli 3. Na usichore miendo ya vitelezi kwa panya. Ichezeni kwa mikono, watu wawili au watatu, kila mmoja na noti zake, kwa sababu vidole havifiki pamoja na noti zinaingia zikiwa zimepishana kidogo.