Nimefunga siku saba, lakini lile moja nililoambiwa sijalifanya

Mwalimu wa Besi aliuliza:

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, na tafadhali msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, huu ni mwaka wa 14. Wiki sita zilizopita tulikuwa mazoezini, na binti mmoja wa sauti ya pili alikuwa anashuka, yaani sauti yake inateremka chini ya noti. Kila tukifika ile sehemu ya kupanda anashuka, tena anawavuta wenzake. Nikasimamisha wimbo, nikamwambia aimbe peke yake. Akaimba, akashuka. Nikamrudisha mwanzo, akashuka tena. Mara ya tatu sauti haikutoka kabisa. Hapo nikasema, kwaya nzima ikisikia: "Mnaona? Si kila anayependa kuimba ameitwa kuimba." Akakaa. Mazoezi yaliyofuata hakuja, na mpaka leo hajarudi.

Usiku ule ule nilipopiga magoti, neno lilikuja limenyooka: nenda ukamwombe msamaha. Sikusikia sauti ya masikio, sitaki kumdanganya mtu. Nilijua tu, kama mtu anavyojua akiwa kitandani kwamba mlango hakuufunga.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilifunga siku saba. Nikatoa sadaka ambayo kwa kipato changu si ndogo. Nikaanzisha maombi ya alfajiri ya kwaya kwa njia ya simu, na kila siku naongoza mimi mwenyewe. Watu wanabarikiwa, wananiambia. Nikikata simu tu, neno ni lile lile: nenda.

Nimejaribu kumwandikia ujumbe. Nimefuta, nimeandika upya, sasa umefika mistari 11. Jana nimeuhesabu: mistari miwili ni ya kuomba msamaha, tisa inaeleza kwamba kweli alikuwa anashuka. Unaanza hivi: "Kama nilikukwaza, naomba unisamehe."

Swali langu ni hili. Nikienda kujishusha kwa binti wa miaka 19, hawa wengine nitawafundishaje? Nidhamu si itakwisha? Na nitajuaje kama huyu ni Mungu anasema, au ni dhamiri yangu inanisumbua tu kwa kuwa siku ile nilikuwa mkali?

Mzee wa Zaburi alijibu:

Mwanangu, mvi zangu ziniruhusu nikuite hivyo.

Fungua 1 Samweli 15. Wengi tunaukariri mstari wa 22, "kutii ni bora kuliko dhabihu", tunaupigia makofi, halafu tunafunga kitabu. Wewe isome sura nzima polepole. Mfalme Sauli amepewa agizo na Mungu, kupitia nabii Samweli, awaangamize Waamaleki wote pamoja na mifugo yao; anarudi na mfalme wao Agagi yu hai, na kondoo na ng'ombe walionona. Samweli hajamfikia, mwenzetu ameshajisimamishia mnara wa ukumbusho kule Karmeli (mst. 12). Tena ndiye anayetangulia kusema: nimeitimiza amri ya BWANA. Samweli hamgombezi. Anamuuliza tu, mbona nasikia kilio cha kondoo?

Na Sauli ana jibu zuri la kanisani! Kondoo hao ni wa kumtolea Mungu dhabihu.

Mwalimu, zile siku saba zako ndio kondoo hao. Wamenona, sikatai. Ila wanalia, na unawasikia kila alfajiri ukikata simu.

Sasa shuka mstari wa 30, ambao siusikii ukihubiriwa sana. Sauli anakiri, "nimekosa", na papo hapo anaongeza: lakini uniheshimu sasa, tafadhali, mbele ya wazee wa watu wangu. Ufalme unamponyoka, naye anahangaikia wazee watamwonaje. Hiyo "lakini" ya Sauli na ile "kama" ya ujumbe wako ni mtu na ndugu yake. "Kama nilikukwaza" maana yake huenda sikukukwaza, huenda ni wewe una moyo mwepesi. Lifute hilo neno kwanza, kisha tuendelee.

Unauliza nidhamu. Naamani naye, yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma (2 Wafalme 5), alikuwa na heshima ya kulinda mbele ya jeshi lake. Alikwenda na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, akiwaza nabii Elisha atatoka nje, asimame, aliitie jina la Mungu wake, apunge mkono. Elisha hata mlangoni hakutoka. Alimtuma mtu: kaoge Yordani mara saba. Jemadari akawaka, akaanza kusifia mito ya Dameski. Waliomwokoa ni watumishi wake, watu wa chini kabisa, kwa swali moja: nabii angekuambia jambo kubwa, usingelifanya? Ungefanya, baba. Na wewe ungefunga hata siku 40. Ila kutembea hadi kwa binti, dakika 20, hilo ndilo limekushinda wiki sita.

Dada wa Kinanda alijibu:

Namheshimu Mzee, ila naomba kutia neno, maana nimeumizwa na hili jambo la "utii".

Kuna mahali nilihudumu, nikauliza swali kuhusu matumizi ya fedha za kwaya. Swali, si tuhuma. Nikaambiwa nina roho ya kiburi, nitubu mbele ya viongozi. Nikatubu! Leo nikikumbuka najishangaa. Petro na mitume walisimama mbele ya baraza wakasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu (Matendo 5:29), na sidhani yupo aliyekiita kile kiburi isipokuwa lile baraza lenyewe. Kwa hiyo si kila anayeambiwa "jishushe" inampasa ashuke.

Lakini mwalimu, tazama yako inaelekea wapi. Wewe ndiye mwenye fimbo, wewe ndiye uliyeshika wimbo, yeye alikuwa amesimama peke yake sauti imemkauka. Sauti unayoisikia inamtuma mwenye nguvu kwa asiye na nguvu. Shetani anafaidika nini hapo? Hata kama ni dhamiri tu, itii.

Na usitume ujumbe. Mathayo 5 inasema iache sadaka mbele ya madhabahu, uende, upatane kwanza. Uende. Tena usimburute mbele ya kwaya ili watu waone jinsi ulivyo mnyenyekevu. Mwendee yeye, kisha muulize kama angependa useme na mbele ya wenzake.

Teno wa Nyuma alijibu:

Mistari tisa ya ushahidi! Mwalimu, huo si ujumbe, hiyo ni hati ya utetezi. Bado wakili tu.

Mwalimu wa Besi alijibu:

Teno, nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Mzee, ile "kama" imenichoma. Nimeifuta, na sentensi iliyobaki imekuwa fupi mpaka inanitisha. Dada, nikifika niseme nini? Mimi najua kuongea mbele ya watu, ila mbele ya mtu mmoja sijui.

Dada wa Kinanda alijibu:

Taja ulichokifanya kwa jina lake. "Nilikuaibisha mbele ya watu, nikasema maneno yasiyo yangu kusema. Nisamehe." Halafu nyamaza. Noti usiziguse kabisa. Akilia, mwache alie. Akikasirika, usijitetee. Na asiposamehe siku hiyo, rudi nyumbani, kazi yako umeifanya.

Mwalimu wa Besi alijibu, siku tisa baadaye:

Nimeenda. Nilipita pale kwao mara mbili bila kubisha, ya tatu mama yake akaniona dirishani, ikawa sina pa kukimbilia.

Nilisema kama Dada alivyonifundisha, nikanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa kurefu kuliko wimbo wowote niliowahi kuongoza. Binti alikuwa anaangalia vidole vyake. Kisha akasema, kwa upole kabisa: "Mwalimu, najua nilikuwa nashuka. Na yale maneno ningeyavumilia. Niliacha kuja kwa sababu ulicheka."

Wapendwa, mimi sikumbuki kwamba nilicheka. Wiki sita nimefunga, nimeomba, nimeandika mistari 11, na kicheko hakimo hata mstari mmoja. Niliuliza wawili waliokuwepo. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Huwa unacheka, mwalimu."

Hajasema kama atarudi, nami sikumuuliza. Alichoomba ni kimoja: niseme mbele ya kwaya kuhusu kicheko, si kuhusu noti. Mazoezi ni Jumamosi. Alfajiri ya kesho nimemwomba mtu mwingine aongoze maombi.