Naomba ushauri: andiko langu limekuwa "tabled", nicheke au nilie?

KalamuKavu: Wakuu, heshima kwenu. Tangu juzi sijalala vizuri. Nilipeleka andiko la mradi kwa taasisi moja ya nje, nikaletewa barua pepe ya mstari mmoja: "Your proposal was tabled on Thursday." Basi. Hakuna salamu, hakuna nini. Kamusi ya kwanza inasema limewasilishwa lijadiliwe. Ya pili inasema limewekwa kando. Nishike lipi? Naomba ushauri, matusi hapana.

Kichekesho: Table si meza? Basi limemezwa, mkuu. Pole.

MamaNidhamu: Si ungemuuliza aliyekuandikia? Kuuliza si ujinga. Vijana mnaona aibu kuuliza mtu mmoja, mnakuja kuuliza watu elfu.

Bahari7: Mimi yalinikuta na "quite". Bosi wangu wa zamani, Mwingereza, aliandika "quite good" juu ya ripoti yangu kwa kalamu nyekundu. Nikaipiga picha, nikaitupia ukoo mzima. Miezi miwili baadaye ndipo naambiwa kwamba kwa Mwingereza hiyo ni "si mbaya, inapitika". Angekuwa Mmarekani, hapo amenisifu kwelikweli. Picha bado iko kwenye grupu la familia, sina nguvu ya kuifuta.

MzeeWaKamusi: Kijana, kamusi zote mbili zinasema kweli. Kwa Waingereza, ku-table hoja ni kuileta mezani ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiondoa kwenye mjadala. Katika Baraza lao la Wawakilishi, hoja ikipigiwa kura ya kulazwa mezani, kwa kawaida ndiyo imekwisha. Swali ni moja tu: aliyekuandikia ni wa wapi?

KalamuKavu: Shikamoo mzee. Sidhani kama hilo lina uzito. Kiingereza ni Kiingereza.

MzeeWaKamusi: Marahaba. Lina uzito wote. Wa wapi?

KalamuKavu: Ofisi iko London. Ila yeye mwenyewe ni Mmarekani.

Kichekesho: Limemezwa nusu.

Bahari7: Mbona unaongea kama mtu aliyekwishafanya jambo? Hebu funguka.

KalamuKavu: Sawa. Nilimjibu usiku uleule. Nikamwambia kama wameona halifai, nalichukua andiko langu nalipeleka kwingine. Msinishambulie. Mtu akikufungia mlango usoni utapiga hodi hadi lini? Na lugha niliyotumia ilikuwa ya adabu kabisa.

MamaNidhamu: Umeshauvuka mto ndipo unauliza kina chake!

ChujioLaChai: Samahani wakuu, hii ni chai. Churchill kakisimulia kisa hikihiki katika historia yake ya Vita vya Pili vya Dunia. Maofisa wa Uingereza wanataka waraka wao uwe "tabled" kwa kuwa ni wa haraka, wenzao wa Marekani hawataki kwa sababu kwao huko ni kuutia kwenye droo usahaulike. Wakabishana weee, kumbe wote walitaka kitu kimoja. Mleta mada kabadilisha wahusika tu.

KalamuKavu: Huyo mzee sijawahi kumsoma. Ningekuwa natunga ningejitungia mwisho mzuri.

MzeeWaKamusi: Mtego ulionasa majemadari utashindwaje kumnasa kijana? Na "table" bado ni dogo. Katika toleo la 1989 la Oxford English Dictionary, neno lililochukua maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set". Baadaye "run" likalipita. Niliwahi kukaa na "set" jioni nzima, nikafunga kitabu nikaenda kulala.

Bahari7: Kwani sisi ni wema? Piga simu, piga pasi, piga kura, piga mswaki. Mgeni akituangalia kwa kamusi atadhani tunachapana kutwa.

MamaNidhamu: Turudi kwenye mada. Mwandikie tena leo, mwambie hukumwelewa. Maneno matatu tu.

KalamuKavu: Nitaonekana sijui lugha, mama.

MamaNidhamu: Si hujui?

ChujioLaChai: Weka skrinshoti ya majibu yake, la sivyo uzi ufungwe.

KalamuKavu: Skrinshoti inakataa kupanda. Ila majibu yameingia sasa hivi. Neno moja: "Fine." Wakuu, na hili nalo?

Kichekesho: Faini hiyo. Andaa hela.