Tupeane uzoefu: bendi uipendayo ikirekodi upya nyimbo zake za mwanzo (Arch Enemy na wenzao)

#1 (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Najua wapenzi wa metali (roki nzito ya magitaa na ngurumo) humu ndani ni wa kuhesabu, ila kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na ningependa kila mwenye lake alitoe.

Mwaka 2010 nikiwa chuo, Mwanza, jamaa wa chumba cha jirani alinijazia flashi ya nyimbo. Ndani yake mlikuwa na Arch Enemy, ile albamu ya The Root of All Evil iliyotoka 2009. Sikuwa najua lolote kuhusu hiyo bendi. Sikujua kuwa ni Waswidi wa Halmstad, wala kwamba anayenguruma vile ni mwanamke. Niliisikiliza muhula mzima, nikienda darasani na nikirudi, mpaka nikawa najua kila mahali ngoma zinapokata.

Baada ya miaka miwili nikaipata Burning Bridges ya 1999. Wimbo wa kwanza, The Immortal, niliutambua kabla gitaa halijamaliza mzunguko mmoja. Kisha akaingia mwanamume. Sauti kavu, nzito, kama mtu anayekemea huku amechoka. Nikausimamisha nikidhani mafaili yamechanganywa.

Kumbe albamu ile niliyoipokea kama mpya ilikuwa nyimbo 12 za zamani zilizorekodiwa upya, kutoka enzi za albamu tatu za kwanza: Black Earth ya 1996, Stigmata ya 1998 na hiyo Burning Bridges. Zote tatu aliimba Johan Liiva. Angela Gossow, yule mwanamke, Mjerumani wa Cologne, alichukua nafasi yake mwishoni mwa 2000, na kwa karibu miaka tisa alikuwa akiziimba jukwaani nyimbo ambazo studio hakuwahi kuziimba. Wakaona wazirekodi kama bendi ilivyokuwa wakati huo.

Mpaka leo sijajua niseme nini. Niliyemsikia kwanza ndiye wa pili, na wa kwanza kwangu anasikika kama mgeni. Wewe ulianzia wapi, na ilikuwaje uliposikia nyimbo zako zimeimbwa upya?

#2

Mkuu, mimi wa Nairobi, na langu ni fupi. Nilianzia Stigmata. Albamu ya 2009 niliisikiliza mara moja, nikakubali kwamba imepigwa vizuri, nikarudi kwenye yangu. Stigmata ina vumbi fulani ambalo nikilikosa nahisi nimepewa chai bila majani.

#3

Niko Göteborg. Nilifika huku 2005 nikiwa na miaka 14, natoka kambini Kigoma pamoja na mama na wadogo zangu. Darasani nilikaa na kijana wa Kiswidi asiyependa kuongea, na mimi Kiswidi sina. Tulikaa wiki kadhaa hivyo hivyo. Siku moja akanipa sikio moja la hedifoni yake. Ilikuwa Bury Me an Angel, ile yenyewe ya 1996.

Kwa hiyo wakuu mnaponiambia sauti ya Liiva ni kavu au imechoka, mimi nasikia rafiki yangu wa kwanza katika nchi hii. Naomba mlielewe hilo kabla hamjanipinga.

Halafu kuna jambo la mahali. Albamu zile tatu zilirekodiwa hapa hapa Göteborg, Studio Fredman, mikononi mwa mtayarishaji Fredrik Nordström, kipindi ambacho bendi chungu nzima za mji huu zilikuwa zikipitia mlango ule ule: At the Gates, In Flames, Dark Tranquillity. Ukisikiliza Black Earth unasikia chumba na watu wenye haraka. Michael Amott, mpiga gitaa aliyeianzisha bendi, alikuwa ametoka bendi ya Carcass baada ya albamu yao ya Heartwork ya 1993, mdogo wake Christopher, naye wa gitaa, hajafika hata miaka 20, na Liiva ni mwenzake wa zamani kutoka bendi ya Carnage. Hawakuwa wanajua kama kutakuwa na albamu ya pili. Hali hiyo ya kutokujua imo ndani ya ule mlio. Mwaka 2009 walikuwa wanajua, tena walikuwa wanajulikana dunia nzima, na hilo nalo linasikika.

In Flames nao walirekodi upya 2020, albamu yao ya Clayman ilipofikisha miaka 20. Wakarudia nyimbo nne, mojawapo Only for the Weak. Niliuweka nikiwa jikoni napika. Sikuumaliza. Sina ubaya nao, ni watu wa mji wangu, ila wimbo ule niliimba na watu elfu kadhaa uwanjani huku mvua inanyesha, na nilipousikia umevaa nguo nyingine nilihisi kama kumbukumbu yangu imepangiwa upya samani bila kuulizwa.

#4

Kaka wa #3, nimekuelewa vizuri sana, na pole kwa safari ile. Ngoja na mimi niseme upande wa pili.

Mimi ni mwanamke, ni mwalimu, na naimba kwaya tangu niko shule ya msingi. Sauti yangu ni nzito. Utotoni nilikuwa nawekwa mstari wa nyuma, tena naambiwa nipunguze, nisije nikaharibu sauti ya kwanza. Nilipokuwa kidato cha tano kaka yangu alileta DVD ya Arch Enemy, onyesho la Tokyo la 2008. Nilimwona Gossow anaweka mguu mmoja juu ya spika na kutoa ngurumo ambayo sikujua kifua cha mwanamke kinaweza kuibeba. Nilirudisha nyuma mara nne.

Kwa hiyo albamu ilipotoka mwaka uliofuata sikuiona kama kuvaa nguo za mtu. Kumbukeni alivyoingia: alikwenda kuwahoji kama mwandishi, akawaachia kanda yake. Tangu siku ile kila jukwaa alipimwa mizani na mwanamume aliyemtangulia. Akiimba Silverwing au Bridge of Destiny, kuna mtu mbele amekunja mikono anasubiri akosee. Mimi najua huko kukunjiwa mikono kukoje. Miaka tisa ya kuubeba wimbo ni mingi, unakuwa wako. Alichokuwa anakosa ni karatasi ya kuuonyesha.

Na kitu kimoja wengi hawakitaji: nyimbo zinazofungua zile albamu tatu za Liiva, Bury Me an Angel, Beast of Man na The Immortal, zote zimo kwenye hii. Hawakuchagua zile nyepesi za pembeni. Walimpa milango yenyewe.

#5

Nafanya kazi studio hapa Dar, zaidi Bongo Fleva na injili, ila moyo wangu uko kwenye magitaa. Niongeze la ufundi, maana humo ndimo tofauti kubwa ilipo.

The Root of All Evil ilichanganywa na Andy Sneap, Mwingereza, na ukijua kazi zake unaisikia mara moja. Kila kitu kina nafasi yake. Teke la ngoma linakuja na ncha, besi ya Sharlee D'Angelo unaifuata kwa kidole, gitaa la kushoto na la kulia havigombani. Kwenye albamu za zamani besi mara nyingi imezama chini ya magitaa, unaijua kwa sababu ingetoka ungehisi pengo. Mkuu wa #2 anaita vumbi, mimi nitasema ni masafa ya kati yaliyojazana, lakini tunazungumza kitu kile kile.

Tena si mwimbaji peke yake aliyebadilika. Ngoma za Stigmata karibu zote alipiga Peter Wildoer. Hii ya 2009 ni Daniel Erlandsson, aliyepiga Black Earth na Burning Bridges. Pigeni Bridge of Destiny zote mbili kwa spika kubwa, msikilize matoazi tu, sahauni sauti ya mtu. Hao ni watu wawili wenye mikono tofauti wakisoma barua ile ile. Mimi nilikaa na wimbo huo Jumapili nzima, na mteja wangu alipiga simu mara tatu sikupokea.

Nikiulizwa ipi imerekodiwa vizuri zaidi, ni ya 2009, sina hata la kubishana. Nikiulizwa nyumbani naweka ipi, naweka Burning Bridges.

#6

Wapiga gitaa msisahau bendi ya Meshuggah, Waswidi wa Umeå. Albamu yao ya Nothing ilitoka 2002, wakati huo walitaka gitaa za nyuzi nane lakini zilizokuwepo hazikukaa sawa, wakatumia za nyuzi saba wakizilegeza chini kabisa. Mwaka 2006 wakaitoa tena, magitaa yakiwa yamerekodiwa upya kwa nyuzi nane. Wimbo wa Nebulous wakaupunguza kasi, wa Obsidian wakaurefusha. Hapa siumii hata kidogo, kwa sababu walikuwa wanakamilisha walichokusudia tangu mwanzo. Mimi nilianza na ya 2002 na leo nasikiliza ya 2006 tu. Uzi uliolegea kupita kiasi unayumba, na ukishausikia huwezi kuacha kuusikia.

#7

Nimesoma yote nikaona nami niseme, ingawa langu si la metali mpaka mwishoni.

Marehemu baba alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi, Morogoro, miaka ya 70. Walirekodi redioni, bendi nzima kwa mkupuo, mmoja akikosea mnaanza upya. Kanda ikabaki huko. Wao wakarudi nyumbani na nauli. Mwaka 1996, akiwa na wenzake wawili waliobaki, alizirekodi tena nyimbo sita. Ngoma zikapigwa na kinanda, tarumbeta zikapigwa na kinanda, kila kitu kinanda, gitaa lake tu ndilo la kweli. Nilikuwa kijana, nilizichukia. Nikamwambia mbele ya wageni kwamba ameziharibu. Alinijibu taratibu: "Zile nzuri siwezi kukuachia, hazimo humu ndani. Hizi ninazo."

Mimi nimeifahamu Arch Enemy kupitia mwanangu wa kiume. Alinieleza habari ya albamu hii, kwamba bendi ilikuwa na mwimbaji mwingine, nyimbo zikawa zinaishi jukwaani tu kwa sauti mpya. Nilimsikiliza huku mawazo yangu yako sebuleni kwa baba. Kile kijana wangu alichonipigia sikukielewa chote, makelele ni mengi kwa umri wangu, lakini ule wimbo wa mwisho una mahali magitaa mawili yanakwenda pamoja, moja juu moja chini, kama solo na ridhimu walipokuwa wanafukuzana kwenye dansi. Nilimwambia arudishe.

Baba alifariki nikiwa bado sijamtaka radhi kwa neno lile. Kanda yake ya kinanda ninayo. Mwanangu amejifunzia solo zile kutoka humo, kwa sababu hakuna pengine pa kujifunzia.

#8 (mwanzisha mada)

Mzee wangu wa #7, shikamoo. Nimekusoma nikiwa kwenye daladala, nikashuka kituo kisicho changu ili nimalize nikiwa nimesimama.

Wimbo unaousema ni Bridge of Destiny, una zaidi ya dakika saba. Ndio uliofunga Stigmata mwaka 1998, na ndio walioufungia The Root of All Evil miaka 11 baadaye. Leo jioni nimeupiga wa 2009 kwanza, kisha wa 1998, nikayafuata yale magitaa mawili tu kama mzee alivyosema. Kwenye ule wa zamani lile gitaa la pili liko nyuma kidogo. Sikuwahi kulisikia.

Dada wa #4 na kaka wa #3, mambo yenu nayo nimeyabeba. Na kaka, kwa taarifa tu kama ilikupita: mwaka 2016 Liiva alipanda tena jukwaani Japani na ndugu wawili Amott pamoja na Erlandsson, wakijiita Black Earth, wakapiga zile za albamu tatu za kwanza.

Mzee, ukiruhusu, naomba kijana wako arekodi hata kwa simu solo moja ya babu yake atuwekee hapa. Fundi wa #5 yuko Dar, naamini hatakosa nafasi ya kuisafisha.

#9

Nafasi ipo. Mzee, kanda usiichezeshe tena kwenye redio ya nyumbani mpaka tuihamishe, zile za 1996 zinakatika kirahisi. Nitafuate faragha, nije mwenyewe Morogoro na mashine.