Johnny Cash ndani ya gereza la Folsom: tupeane uzoefu, ilikunasaje?

Mrithi wa Kaseti
Wakuu, salaam. Najua humu wengi ni watu wa rumba na bongofleva, ila wapenzi wa kantri tupo, hasa ndugu zetu wa Kenya ambao Jumapili bila Jim Reeves haijawa Jumapili. Leo nataka tuongelee albamu moja tu, ile Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliyorekodi mbele ya wafungwa wa gereza la Folsom, California, tarehe 13 Januari 1968.

Mimi niliirithi. Marehemu mjomba alikuwa dereva wa lori, Dar–Tunduma, na kaseti yake aliiandika kwa kalamu ya wino: WAFUNGWA. Nilikuwa darasa la tano, Kiingereza nakisikia kama mvua kwenye bati. Kilichonishika hata hakikuwa wimbo. Katikati ya nyimbo kuna sauti kavu inatangaza kwamba mfungwa fulani anatakiwa mapokezi, anatajwa na namba yake. Nikauliza, "Mjomba, kafanya nini huyo?" Akajibu, "Labda kapata mgeni." Mpaka Mikumi nilikuwa namuwaza huyo mgeni.

Prodyuza Bob Johnston angeweza kuyafyeka hayo yote. Aliyaacha: matangazo, vicheko, Cash akiyasema vibaya maji ya jela. Siku hizi "laivu" nyingi zimesafishwa mpaka hujui kama kulikuwa na watu. Haya, leteni zenu.

Baridi ya Molo
Hamjambo. Kwetu redio ilikuwa ya baba na ilikuwa inakaa KBC, redio ya taifa ya Kenya, kipindi cha Sundowner. Mama alikuwa hamtaki kabisa huyu Cash. Alikuwa anasema, "Jim Reeves anaimba, huyu anagomba." Akisikia wale wanaume wakipiga kelele anazima.

Kilichombadilisha ni wimbo wa mwisho, Greystone Chapel. Nilimweleza kwamba aliyeutunga ni mfungwa wa humo humo, Glen Sherley, na kwamba Cash aliletewa kanda yake na mchungaji, akajifunza wimbo usiku wa kuamkia shoo. Sherley alikuwa ameketi pale pale bila kujua kama utaimbwa. Mama alinyamaza kidogo, akasema rudisha nyuma. Sasa ana miaka themanini na kitu, nikienda nyumbani ananiambia, "Niwekee ule wa kanisa la mawe."

Afande Mstaafu
Marahaba kwa wadogo, wakubwa shikamooni. Nimefanya kazi ya magereza miaka 31. Albamu naipenda, ila kuna kitu huwa kinanikera. Pale kwenye Folsom Prison Blues, Cash anaposema alimpiga mtu risasi kule Reno ili tu amwone akifa, mtu mmoja anashangilia kwa nguvu. Mfungwa ninayemjua mimi hafanyi hivyo askari wakiwa wamesimama pale. Atacheka moyoni. Tulikuwa na kwaya zikija bwaloni kwetu. Watu wanapiga makofi huku jicho moja liko kwa bwana jela.

Santuri Mbovu
Afande, sikio lako halijazeeka. Ile shangwe waliichomeka studio baadaye. Wafungwa siku ile walichunga midomo yao kama unavyosema. Na hata ukimya kabla Cash hajajitambulisha ulipangwa: waliambiwa wasipige makofi mpaka ajitaje jina. Zilikuwa shoo mbili siku hiyo, asubuhi na mchana, na karibu albamu yote imetoka ya asubuhi.

Mstari huo huo wa risasi kule Reno ulileta taabu tena Juni 1968. Robert Kennedy, seneta aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, alipouawa kwa risasi, redio zikaogopa kuupiga wimbo, kampuni ya rekodi ikautoa upya ukiwa umekatwa pale pa risasi. Na bado ulipanda juu.

Mrithi wa Kaseti
Kwa hiyo nimedanganywa miaka thelathini! Haya, shangwe ni ya bandia, lakini yule wa mapokezi naomba mniachie.

Nyuzi Sita
Mimi mpiga gita, nitasema la gita tu. Luther Perkins, mpiga gita wa Cash, hapigi noti nyingi. Anatembea kama treni ya mizigo, tiki-taka, tiki-taka, basi. Vijana wangu wakitaka kuonyesha ufundi jukwaani nawawekea hii kwanza. Alifariki Agosti mwaka ule ule, nyumba yake ilishika moto.

Mbeba Boksi Sacramento
Nipo karibu na hapo. Gereza bado linafanya kazi, kuta zake za mawe ya itale, na langoni kuna jumba dogo la makumbusho. Mjini kuna njia ya baiskeli yenye jina la Cash. Vichekesho vya dunia: hakuwahi kufungwa gerezani, alilala lokapu usiku mmoja mmoja tu.

Molo, huyo Sherley, mtunzi wa wimbo wa mama yako, alitoka jela 1971, Cash akamsaidia na kumchukua kwenye bendi. Uraiani hakukuweza. Waliachana, na 1978 akajiua.

Baridi ya Molo
Asante ndugu. Jumamosi nakwenda nyumbani na ataniomba ule wimbo. Hilo la mwisho simwambii.