Kingamwili ya PAX6 kwenye kiinitete cha kuku: mstari wa kilodaltoni 32 ni wa kweli?

Mwanafunzi wa Viinitete aliuliza:

Salaam kwenu wataalamu. Ninatumia kingamwili ya polikloni ya sungura, iliyotengenezwa dhidi ya peptidi (kipande kifupi) ya mkia wa PAX6 ya panya, protini inayoongoza ukuaji wa jicho na neva, kuchunguza viinitete vya kuku vya siku 4. Kwenye vipande vya jicho, viini vya seli za retina na lenzi vinang'aa vizuri, ila saitoplazimu nayo ina ukungu hafifu. Kwenye westani bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito, kisha kuzitambua kwa kingamwili) ya protini za kichwa kizima ninapata mstari mnene kati ya kilodaltoni 46 na 48, na mwingine mwembamba karibu na 32. Msimamizi wangu anaona kwamba huo wa chini ni uchafu, na kwamba kingamwili ibadilishwe. Je, kuna kipimo cha kufanya kabla ya kuagiza nyingine, ikizingatiwa kwamba mzigo wa barafu huchukua muda mrefu kutufikia?

Fundi wa Tishu:

Ndugu, usiitupe bado. Mwaka 1993 ilionyeshwa katika retina ya kware kwamba jeni hii hutoa protini za uzito mbalimbali: 48, 46 na 43, kisha 33 na 32. Hizo mbili za mwisho hazina lile eneo la mwanzo la asidi amino 128 linaloshika DNA, kwa sababu utengenezaji wake huanzia ndani zaidi ya mRNA, lakini homeodomeni (eneo la pili linaloshika DNA) na mkia vimebaki. Kingamwili inayotambua mkia inatazamiwa kuziona.

Hata hivyo kutazamiwa si kuthibitishwa, maana protini kamili ikikatwa na protiezi (vimeng'enya vinavyokata protini) wakati wa kusaga tishu inaweza kuacha kipande cha uzito unaokaribia huo. Saga tishu mpya juu ya barafu, vizuizi vya protiezi vikiwa ndani ya bafa tangu mwanzo, na uweke moyo wa kiinitete hichohicho katika safu ya pembeni, kwa kuwa hauna PAX6. Mstari wa 32 ukitokea hata kwenye moyo, msimamizi wako ana haki.

Mama Hadubini:

Naafiki, ila tahadhari na hatua ambayo wengi watakushauri. Benki ya haibridoma (seli zinazozalisha kingamwili) ya Chuo Kikuu cha Iowa ina kingamwili ya monokloni ya panya iliyotengenezwa kwa asidi amino 1 hadi 223 za PAX6 ya kuku. Ni nzuri sana kwa vipande vya tishu, lakini sehemu hiyo inavuka mpaka wa eneo la mwanzo na kuingia katika kiungo kinachofuata, yaani sehemu inayoliunganisha na homeodomeni, ambacho protini fupi nazo zinacho. Kwa hiyo ikiuona mstari wa 32 au isipouona, tafsiri yake itategemea mahali ilipo epitopu, yaani sehemu ndogo ya protini ambayo kingamwili hiyo huishika.

Kuhusu ukungu, mwanangu, usiangalie jicho pekee. Kata uti wa mgongo wa kiinitete hicho: PAX6 imo katika seli za pembeni za nusu ya chini ya neli ya neva, ila haimo katika sakafu yake. Sakafu ikiwa na ukungu uleule, basi huo si PAX6. Fanya pia kipande kisicho na kingamwili ya kwanza, na kingine ambacho kingamwili imechanganywa na peptidi yake kabla ya kupakwa.

Mwanafunzi wa Viinitete:

Nashukuru sana, mama. Vipande vyangu ni vya parafini na huvichemsha katika bafa ya sitreti ya pH 6.0. Je, kuchemsha kunaweza kuleta ukungu?

Mama Hadubini:

Kunaweza, hasa bafa ikitokota kwa nguvu hadi tishu ikaanza kubanduka kwenye kioo. Usiache kuchemsha, kwa sababu fomalini huifunga PAX6 na viini vitafifia. Punguza kwanza mkusanyiko wa kingamwili kwa hatua, huku muda wa kuchemsha ukibaki vilevile, ili ujue ni lipi kati ya hayo mawili lililoleta mabadiliko. Andika pia namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, kwani polikloni hubadilika kutoka sungura mmoja hadi mwingine.